Nafasi ya Chuo: Jua Umesimama Wapi Kabla Hujajaza Fomu

   

Niliombwa nizungumze juu ya elimu katika Ramadhan. Nilijua mnalotarajia. Mnatarajia niwaambie elimu ni faradhi, someni kwa bidii, Allah atawafungulia. Hayo ni kweli na mmeyasikia tangu madrasa. Leo nataka niseme jambo dogo zaidi ambalo halisemwi mimbarini, nalo linaumiza nyumba nyingi zetu kila mwaka. Ni hili swali la mzazi anapopokea matokeo ya KCSE: "Je, mtoto wangu ataingia?"

Ataingia udaktari? Ataingia sheria? Ataingia uhandisi pale Nairobi? Mzazi anauliza, mjomba anajibu, jirani anajibu, imamu anajibu, kila mtu ana jibu. Mmoja anasema "A- hiyo, keshaingia huyo." Mwingine anasema "Wewe humjui mtu huko, usijisumbue." Wote wawili hawakushika kalamu.

Na mimi nilikuwa mmoja wao, kwa hivyo naanza na kosa langu.

Miaka kadhaa nyuma, mtoto wa dada yangu alipata A-. Mimi nilikuwa nafundisha Hisabati, basi familia nzima ikanitazama mimi. Nikafungua tovuti, nikaona pointi za mwaka uliopita za kozi ya udaktari aliyoitaka, nikaona za kwake zimezidi kwa robo pointi hivi. Nikamwambia mbele ya mama yake, "Wewe umeshaingia, jaza udaktari tupu." Akajaza udaktari kila mahali, chuo hiki na kile na kile. Dada yangu akaanza kumwita daktari. Tukafuturu pamoja tukicheka. Majibu yalipotoka, ile pointi ya mwisho ilikuwa imepanda, na kijana hakuitwa hata chuo kimoja. Alipopata nafasi ya kuchagua tena, kozi zilizobaki zilikuwa zile zilizobaki, na udaktari hauwi kati ya hizo. Leo anafundisha Kemia sekondari, mwalimu mzuri mashallah. Lakini miezi mitatu yule kijana hakuja msikitini, alikuwa anaswali nyumbani, kwa sababu watu wangemuuliza. Na mpaka leo jambo hili hatutanii naye.

Kosa langu halikuwa katika kujumlisha. Sikuelewa ile nambari niliyokuwa naitazama ni nini.

Basi tuielewe. Nchini kwetu kuingia chuo kikuu kupitia serikali kunasimamiwa na KUCCPS, ambayo ilikuja na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ikachukua kazi ya iliyokuwa JAB. Ukipata wastani wa C+ umefikia kiwango cha chini cha kuomba shahada. Hapo ndipo watu wengi wanaposimama. Wanadhani gredi ndiyo tiketi. Gredi inakufikisha mlangoni pa jengo tu. Kila kozi ndani ina mlango wake, na mlangoni pana foleni, na foleni inapangwa kwa pointi za klasta.

Klasta ni yale masomo 4 ambayo kozi inayataka. Kwa udaktari ni Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, inashuka hivyo hivyo. Masomo 4 yakiwa A yote unapata 48. Halafu kuna jumla ya masomo yako 7, ambayo ikiwa A tupu inafika 84. Hesabu inayojulikana ni hii: chukua pointi zako za klasta ugawanye kwa 48, chukua jumla yako ugawanye kwa 84, zidisha hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Msiogope hicho kipeuo, simu yoyote yenye kikokotozi inakitoa.

Sasa angalieni wanafunzi wawili. Wote wana A-, wote jumla yao ni 77 kati ya 84. Ukiwaweka kwenye picha ya matokeo ukutani, hawana tofauti. Wa kwanza ana A ya Hisabati, A- ya Biolojia, A- ya Kemia na A- ya Kiingereza. Klasta yake ni 45. Wa pili anang'ara Kiswahili A, IRE A, Biashara A, Kiingereza A-, lakini Hisabati, Biolojia na Kemia zote ni B+. Kwa udaktari klasta yake ni 42, kwa kuwa Kiswahili ndicho kinachomsaidia, na zile A mbili nyingine zimekaa nje ya klasta. Piga hesabu: wa kwanza anatoka na 44.50, wa pili 42.99. Pointi moja na nusu! Katika kozi inayogombaniwa, pointi moja na nusu ni mamia ya wanafunzi waliosimama mbele yako. Na huyu wa pili ndiye mama yake amekwisha kushona koti jeupe.

Hapa niseme neno juu ya IRE, maana nasikia vijana wakisema "somo la dini halimsaidii daktari." Si kweli. Haimo katika klasta ya udaktari, lakini imo katika ile 84. Kuanzia mtihani wa 2023 wastani unahesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine 5 uliyofanya vizuri zaidi. A yako ya IRE inakubeba hapo. Lakini haiwezi kuibeba Kemia. Kila kitu na kazi yake.

Na yule wa pili asihuzunike. Akitazama kozi zinazotaka lugha na masomo ya sanaa, foleni ile ile aliyokuwa nyuma anaweza kujikuta mbele. Sheria, kwa mfano, inataka angalau B katika Kiingereza au Kiswahili, na yeye ana A- na A. Mtoto mmoja, karatasi moja ya matokeo, nafasi mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana ukiniuliza "ataingia?" siku hizi nakuuliza kwanza, "wapi, na kwa masomo gani?"

Tuje kwenye ile nambari iliyonidanganya. Vijana wanaiita katofu. Wengi wanadhani chuo kilikaa kitako kikaamua, "mwaka huu tunataka 43." Hakuna aliyekaa. Chuo kinasema kina viti kadhaa. Wanafunzi wanapangwa kwa pointi zao, viti vinajaa kutoka juu, na mtu wa mwisho aliyepata kiti, pointi zake ndizo zinazoandikwa. Katofu ni pointi za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka jana. Huyo mtu keshaingia, yuko darasani. Mwaka huu foleni ni nyingine, watu wengine, na wa mwisho wake hajulikani mpaka mlango ufungwe.

Ukitaka kuona inavyoweza kuruka, kumbuka mtihani wa 2016. Mwaka wa 2015 waliopata A nchi nzima walikuwa zaidi ya 2,600. Usimamizi wa mtihani ukakazwa, na 2016 wakapata A watu 141 tu. Mia moja arubaini na mmoja, nchi nzima! Waliopata C+ kwenda juu walikuwa 88,929. Sasa mtoto wa 2016 mwenye A- yake, akitazama pointi za waliomtangulia angevunjika moyo akasema "sifai", na kumbe mbele yake njia ilikuwa nyeupe. Halafu mambo yakageuka polepole. Mtihani wa 2023 ulitoa A 1,216, na wa 2024 ukatoa 1,693. Waliofikia C+ walitoka 201,133 wakawa 246,391. Hizo ni A karibu 500 zaidi kwa mwaka mmoja, na wengi wa hao wanakwenda milango ile ile michache. Aliyekuwa na pointi zilezile za jirani yake wa mwaka jana amesukumwa nyuma bila ya yeye kufanya kosa lolote.

Kwa hivyo usitazame mwaka mmoja. Tazama mitatu. Ikiwa nambari inapanda kila mwaka, nawe uko juu yake kwa robo pointi, hujakaa salama, uko ukingoni. Ikiwa inapanda na kushuka, nawe uko katikati, basi sema hivyo: niko katikati, yaweza kuwa, yaweza isiwe. Ikiwa uko chini kwa pointi 2 katika miaka yote mitatu, mwanangu, mapenzi hayo yaheshimu lakini usiyape fomu nzima. Na tazama kwanza masharti ya kila somo, kwa sababu udaktari ukitaka B ya Kemia na wewe una B-, hata ukiwa na jumla kubwa namna gani mlango huo haukufunguki, na nafasi uliyojaza imepotea bure. Pointi zako halisi KUCCPS wenyewe wanakuonyesha ukiingia kwa namba yako ya mtihani. Hizo ndizo za kutegemea, hii hesabu yangu ni ya kukufungua macho.

Kisha jaza kama mtu mwenye akili. La moyo wako liweke juu, hata kama uko ukingoni, maana halikuzuii kuangaliwa kwa la chini yake. Chini yake weka unalolipenda ambalo uko sawa nalo. Na chini kabisa weka moja ambalo pointi zako zimelizidi kwa mbali, na ambalo ukiitwa utakwenda kwa hiari. Hili la mwisho ndilo watu wanaliona aibu kuliandika. Mpwa wangu angeliandika, angalau angekwenda alikochagua mwenyewe, asingepelekwa na mabaki.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: "Sheikh, hizi hesabu zote zimekwenda wapi na tawakkul? Si Allah ndiye mpaji?"

Ni Yeye. Lakini mnakijua kile kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume (SAW) kuhusu ngamia wake, amwache huru na kutawakali au amfunge, na mnajua alivyojibiwa. Na Nabii Yusuf (AS), alipofasiri ndoto ya mfalme na ile miaka 7 ya neema na 7 ya njaa, hakuambia watu wa Misri wakae waombe dua tu. Alipanga. Mavuno yakawekwa, yakahesabiwa, yakatolewa kwa kipimo. Nabii wa Allah alishika ghala! Nani amekwambia kikokotozi kinapunguza imani?

Na istikhara tunaionea. Kijana hajui kozi inataka masomo gani, hajui chuo kiko mji gani, hajui ada, anaswali rakaa mbili anangoja ndoto. Istikhara ni ya mtu aliyekwisha kulitazama jambo akakusudia kulifanya, kisha anamwomba Mola wake, likiwa ni kheri alifanye jepesi, likiwa ni shari amwepushe nalo. Kuuliza, kutafuta habari, kushauriana na wanaojua, hayo yanakwenda pamoja nayo. Wallahi nimeona vijana wameiswalia kozi ambayo hata hawakutimiza masharti yake.

Wazazi nao nina neno nao, na msinikasirikie, niko katika saumu kama nyinyi. Nafasi ya mtoto haipimwi kwa pointi peke yake, nyinyi pia mko ndani ya hesabu. Nimemwona binti mwenye pointi nzuri kabisa, ameitwa Eldoret, chuo cha Moi, kozi aliyoiota. Baba akasema, "Mtoto wa kike hatoki Mombasa." Kiti kikaenda. Mzee, haki ya kumwangalia binti yako ni yako, sikunyang'anyi. Lakini mazungumzo hayo yafanyeni kabla ya fomu kujazwa. Kama hatakwenda Eldoret, Eldoret isiandikwe, aandike Kilifi pale Pwani au kwengine mnakokubaliana. Na kama shida ni mahali pa kukaa, tafuteni wanafunzi wa Kiislamu walioko chuoni, muwaulize wanaishi vipi. Karibu kila chuo kikuu kina jumuiya yao. Mtashangaa.

Ada ni jambo jingine kabisa. Kuitwa ni kimoja, kulipa ni kingine. Tangu 2023 utaratibu wa ufadhili na mikopo umebadilishwa, na kesi zimepelekwa mahakamani juu yake, kwa hivyo ulizeni upya kila mwaka, msitegemee alivyolipiwa binamu yenu. Suala la riba katika mkopo waulizeni mashekhe wenu mapema, si wiki ya kuripoti.

Kuna wanaotazama nje pia. Mtoto amepata A, mzazi anataja Harvard. Alhamdulillah, wapo Wakenya waliofika. Lakini jueni kule hakuna katofu. Harvard inakubali takriban 4 katika kila 100 wanaoomba, na hao 96 wanaoachwa wengi wao wana A zao pia. Wanasoma insha zako, barua za walimu, ulichofanya mtaani kwenu, tena hakuna hesabu ya kukwambia mapema. Kizuri ni kwamba vyuo kama hicho, na Yale, Princeton, MIT na Amherst, vinaamua bila ya kutazama kama mwombaji ana pesa, hata akiwa mgeni, na akikubaliwa wanamsaidia kulingana na uhitaji. Basi omba ukitaka, lakini usiache ya KUCCPS ukingoja barua. Na akija wakala akakwambia "nafasi yako huko ni asilimia tisini, toa elfu hamsini ya kushikilia," huyo hana asilimia, ana tumbo. Fungeni mlango.

Mwisho niseme na wale ambao wamekwisha kuhesabu na wameona hawafiki. Mnajua wenyewe usiku huu. Bado kuna njia za pembeni na si za aibu. Diploma ya afisa wa kliniki inaanzia wastani wa C, na katika zahanati zetu nyingi huyo ndiye anayekutibu, ukimwita daktari naye anakuitikia. Kuna wanaoomba uhamisho wa chuo au kozi baada ya kuitwa, dirisha hilo lipo, ingawa kwa kozi zinazogombaniwa viti vya kuhamia ni vichache na masharti ya pointi hayaondoki. Kuna wanaorudia mtihani. Anayetaka kurudia asichelewe, kwa sababu KCSE ya mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa kufika mwisho mwaka wa 2027, na wadogo zenu walioingia Gredi ya 10 mwaka wa 2026 watapimwa kwa njia nyingine.

Na wewe jirani, na wewe ami, na wewe khalati: ukikutana na kijana Idd, usimuulize "umeitwa wapi?" mbele ya watu. Mpe mkono, mpe kahawa na kaimati. Akitaka atasema.

Jumamosi baada ya taraweh tutakaa pale upande wa madrasa. Leteni karatasi za matokeo, si picha kwenye simu iliyofifia, na leteni namba ya mtihani na simu yenye bando. Tutafungua mtoto mmoja mmoja, tutaandika masomo ya klasta na pointi za miaka mitatu kwenye karatasi, na kila mmoja ataondoka nayo. Mzazi mmoja aje na kila mtoto, tafadhali, yule mwenye neno la mwisho nyumbani. Mpwa wangu amekubali kuja kusaidia, wenye maswali ya Kemia mna bahati.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.